Majibu Niliyomjazia Reino

Barabara ya Salmela,
Makinen, Minnesota.
3 Machi 2024

Mpendwa Dada Lempi,

Salamu nyingi kutoka kwenye theluji. U hali gani huko Tucson, wewe na goti lako? Harlan ameacha kukohoa? Huku theluji imefika madirishani mwa sauna na kuku wangu wawili wamekufa kwa baridi. Mimi sijambo. La, ngoja, nisianze na uongo. Nina hasira, Lempi, hasira hadi kalamu inatoboa karatasi, na mwandiko ukikushinda ujue ndiyo sababu.

Ni habari za ndugu yangu Reino. Tangu mkewe Darlene afariki, miaka miwili sasa, aliacha kazi ya lori mgodini, akaacha kunyoa ndevu, akaacha hata kuoga mvuke wa sauna ya Jumamosi. Ya Jumamosi, dada! Kisha Novemba, bila kusukumwa na mtu, akaendesha gari mwenyewe hadi kliniki moja ya Duluth, akawaambia anataka kutibiwa akili. Mwanamume wa ukoo wetu! Nilijifungia bafuni nikalia kwa furaha.

Kule wana utafiti. Watu wazima wanaokuja kutafuta tiba wanagawanywa kwa kura ya kompyuta. Nusu wanapewa masomo yaleyale, wote sawa. Nusu wanapewa tiba ya mazungumzo iliyopimwa kwa mtu mmoja mmoja, kama suti ya fundi, ili ionekane ipi inaponya zaidi. Reino akaangukia kwenye suti. Kila Jumatatu anatakiwa kujibu maswali arobaini kwenye kishikwambi walichompa, na majibu hayo ndiyo yanayoamua mtaalamu wake azungumze naye nini wiki hiyo.

Basi sikia walichozungumza. Usingizi! Wiki kumi na moja wanamfundisha mtu wa miaka hamsini na saba jinsi ya kulala. Eti asinywe kahawa baada ya saa nane mchana. Eti azime taa. Na huyu mtu hataki kula, hataki kusema, na kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu hakijatoka uani majira yote ya baridi. Jumatano iliyopita ikaja barua: hongera, unaendelea vizuri, wiki ijayo ni ya mwisho.

Hongera! Reino akasema tuwaache, wamejitahidi. Nikamwambia, "Vaa buti." Alhamisi asubuhi nikampakia garini, na njia nzima nilikuwa nayapanga matusi, lipi litangulie na lipi nilibakize la mwisho.

Mtaalamu wake ni binti anayeitwa Corliss Amundson. Kwa umri, viatu vyangu vya kanisani vinamzidi. Nilimfokea palepale mapokezi, mbele ya watu. "Mnapima nini nyinyi? Huyu mmemshonea suti ya mtu mwingine!"

Hakunijibu kwa ukali. Alituingiza ofisini, akamwomba Reino ruhusa, akafungua kompyuta yake atuonyeshe. Je, unajiona huna thamani? Hapana. Umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda? Kidogo. Umewahi kufikiri ni heri ufe? Hapana kabisa. Usingizi? Mbaya kiasi. Wiki kumi na moja, majibu yaleyale.

"Mama," akasema, "sisi tumeshona kwa vipimo mlivyotuletea."

Lempi, aliyebonyeza majibu yale si Reino. Ni mimi.

Vidole vyake vile haviwezi vioo hivi, kwa hiyo kila Jumatatu baada ya kahawa mimi nilisoma, yeye akajibu huku akitazama nje. Na akajibu nini? Lile tulilofundishwa sote tangu utotoni: "Si mbaya." Nyumba ikiungua, si mbaya. Mguu ukivunjika, si mbaya. Mimi nikawa nabonyeza hapana, hapana, kidogo. Lakini kwenye swali la kufa hakusema si mbaya. Alinyamaza. Alinyamaza mpaka kahawa ikapoa. Badala ya kumsubiri nikamwambia, "Hilo halikuhusu, sivyo?" nikabonyeza hapana kabisa. Wiki zilizofuata sikumsomea tena swali hilo.

Unajua kwa nini? Binti wa Kaarlo Niemi, yule wa kanisani kwetu, anafanya kazi pale mapokezi, na niliona atayasoma. Niliogopa kutazamwa Jumapili kanisani nikikata mkate wa iliki! Ndugu yangu anataka kufa, mimi naulinda mkate. Hasira yote niliyoibeba hadi Duluth ilinirudia mwenyewe, na mpaka leo haijanitoka.

Corliss akasema majibu ya zamani hayafutwi, utafiti ndivyo ulivyo. Lakini Reino si mfungwa wa utafiti, na angeweza kumuuliza upya saa ileile. Akaniomba nitoke. Reino akasema, "Abaki. Ila afunge mdomo."

Akaulizwa. "Si mbaya," akajibu. Nilitamani kumpiga kiatu. Corliss akasubiri tu. Mimi kusubiri sijui, dada, lakini yule binti anajua. Mwishowe Reino akasema, macho kwenye buti zake, "Kila asubuhi nikiamka nakasirika kwamba nimeamka."

Hawakutuacha tuondoke hivihivi. Walimtoa kwenye utafiti siku ileile, na sasa ataonana na Corliss mara mbili kwa wiki, wala si kwa habari za taa na kahawa. Analala kwangu. Bunduki zake ziko kwa jirani kabatini, na funguo ziliko sijui, wala sitaki kujua.

Sasa linakuja lako, na unisamehe. Walitupa fomu mpya. Ina swali: kuna mtu wa ukoo aliyejiua? Kwenye ile ya mwanzo nilijibu hapana. Safari hii Reino alinitazama.

Dada, msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa umeisha wiki mbili siku baba yako alipotoka na bunduki. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, mimi kumi na miwili, Reino minane, naye ndiye aliyemganda baba yako kuliko sisi sote. Tulikula viazi vya msibani tukasema ajali, ajali, na hakuna aliyekuuliza wewe neno. Nimeandika ndiyo. Nimeandika jina la Baba Mdogo Arvid, baba yako, kwa wino, bila kukuomba ruhusa. Ukikasirika ni haki yako. Mimi kwa miaka arobaini na minane nimekasirika bila kujua nimemkasirikia nani.

Msalimie Harlan, na binti yako Inga na watoto wake. Reino naye anakusalimu. Alisema nikwambie yuko si mbaya. Nilipomkazia macho akasema basi mwambie hali yangu ni mbaya, ila leo nimemaliza supu.

Mungu awalinde nyote na akulainishie goti lako. Na lile swali nililoanza nalo nakuuliza tena, Lempi, safari hii nasubiri hata kahawa ipoe: u hali gani?

Nduguyo nikupendaye kwa hasira zangu zote,
Aili