Kinyago cha Umm Salal

Jumapili, 2 Novemba 2025

Mudiri, bosi wetu huku ughaibuni, kaja shambani na boksi la maikrowevu. Ndani kinyago cha udongo — macho yamefumba, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyesinzia kwenye hotuba. Karatasi yake inasema: Amerika, kabla ya Kolombo kufika, miaka elfu moja mia tano. Na bado kinanuka tanuri! Eti nikizike miezi sita, kila Ijumaa nikimwagie chai ya rangi, bila sukari, kipate uzee. Sisi wengine uzee tunaupata bure.

Shimo keshokutwa. Leo mbuzi wanahara.

Jumanne, 4 Novemba

Mama amefariki. Alfajiri, Muheza. Dada Zainabu kapiga simu analia. Wanazika baada ya adhuhuri, hawawezi kuningoja.

Nikaomba ruhusa. Mudiri kasema pole Kassim, Mungu amrehemu, lakini si anazikwa leo? Utafika kufanya nini? Halafu — kile kinyago umeshakizika?

Saa saba na nusu. Saa za huku na za Muheza ni moja. Nikachimba nyuma ya banda, chini ya mkunazi. Nikakifunga kwa fulana yangu nyeupe, nikakilaza kuelekea kibla. Mchanga, konzi tatu. Sikupanga. Mikono ilifanya yenyewe.

Hakifanani na mama hata kidogo. Mama alikuwa mzuri.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimepeleka chai. Mama hakunywa chai isiyo na sukari hata daktari alipomkataza. Vijiko vitatu.

Mutai, Mkenya wa getini, kaniona. "Aki Kassim, mchanga unaupea chai tamu, na mimi rafiki yako hunipei hata kikombe cha strungi?"

Nikamweleza. Akavua kofia.

Ijumaa, 5 Desemba

Wiki ya tano. Mutai sasa analeta sukari yake mwenyewe.

Nimesoma kwenye simu: watu wa kale wa huko Amerika waliwafunika maiti wao nyuso kwa vinyago kama hivi. Kumbe sikukosea sana.

Arobaini ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nitasoma hitima palepale. Mutai ni Mkristo, kasema ataitikia amina tu.

Jumatano, 10 Desemba

Mnunuzi kapatikana! Yuko hotelini Lusail, ndege yake kesho. Mudiri: miezi sita basi tena, kifukue.

Nikasema nimesahau mahali. Kacheka — wewe Kassim unayekumbuka kila mbuzi alizaliwa saa ngapi? Nikaomba siku tatu, Jumamosi tu. Kuna nini Jumamosi? Utamwambiaje mtu kwamba bidhaa yake ndilo kaburi pekee la mama nililochimba kwa mikono yangu?

Nimechimba mashimo manne, yote si penyewe. Mutai yuko kwenye la tano, karibu na geti, anachimba kwa juhudi ambayo sijawahi kumwona nayo kazini.

Nimetumwa kibandani kuleta sururu. Naandika nimesimama. Dirishani namwona mudiri, amechoka kutufokea, anatembea na simu sikioni. Anaelekea mkunazini.

Sisimizi! Wiki tano za sukari — foleni imenyooka kutoka ukutani mpaka pale.

Amekata simu. Amechuchumaa. Anaangalia wanakoingia.