Toa Nje, Kabula

Jumatano, Geita mjini

Tumefungwa moja, na mpaka sasa sijatulia. Dakika ya mwisho Kabula, beki wangu, alikuwa na mpira mbele ya goli letu. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka: "Toa nje! Toa nje!" Hakutoa. Alijaribu chenga, akanyang'anywa.

Jioni nilimfokea.

"Mwalimu, si ulisema anayetoa nje anaufuata mwenyewe?"

Kweli nilisema. Kisiwani kwetu nje ya mstari ni ziwa, na shule ina mpira mmoja. Lakini hapa nje ni nyasi tu!

Kesho tukifungwa tena, tunarudi nyumbani. Kule tangu mwezi uliopita mamba anaonekana majini pale pale kando ya uwanja, na sheria yangu sijaifuta. Halafu leo nimemgombeza mtoto kwa kuogopa kutoa mpira nje.