Hisa za Dhahabu Zilizopelekwa Mnadani

Shinyanga, Jumapili

Kwa dada yangu mpenzi Mwamvua,

Shikamoo dada. Natamani barua hii ikukute umeketi, ila nakujua, itakukuta umeinama. Mgongo unaendeleaje? Na ile dawa ya kuchua niliyompa yule mtu wa treni akuletee, ilifika Ujiji au alijichua mwenyewe njiani? Mimi ni mzima wa kutembea. Msimu umeanza na kiwanda kinachambua pamba mchana kutwa, na sisi mafundi tunatoka pale na nywele nyeupe utadhani tumezeeka tukiwa kazini. Kifua kinabana kwa lile vumbi. Nakohoa, nakunywa maji, narudi kwenye mashine. Hiyo ndiyo afya yangu, namshukuru Mungu.

Barua yako niliipata. Niliisoma, nikaikunja, nikaifungua tena. Unasema umechoka kutwanga chikichi. Unasema tangu mama afariki umekamua mawese mpaka vidole havinyooki, na sasa amekuja hapo Ujiji bwana mmoja mwenye koti, wakala wa kampuni ya dhahabu ya huku, anauza hisa. Unataka tuuze shamba la michikichi alilotuachia mama, tununue hizo hisa, halafu kila mwaka faida ije mlangoni wewe umekaa kwenye mkeka. Kwa kuwa shamba ni letu wawili, unataka sahihi yangu. Na kwa kuwa mimi niko huku kwenye dhahabu, unataka nikauone huo mgodi kwa macho yangu kabla wakala hajarudi.

Dada, nyie mkisikia Shinyanga mnadhani nikitoka nje nakanyaga dhahabu. Nakanyaga mbigili. Dhahabu iko mbali na hapa. Lakini nimekwenda. Nilimwomba msimamizi ruhusa, akanuna, akanipa, akanikumbusha kwamba asiyefanya kazi halipwi. Nikapanda lori la mahindi mpaka Kharumwa, na kutoka hapo nikatembea kwa miguu pamoja na watu waliokuwa wanakwenda kutafuta kazi ya kuchimba.

Nikuambie ya moyoni: njia nzima nilikuwa naomba iwe kweli. Na mimi nimechoka, dada. Nilishajiona nimerudi nyumbani, nimekaa barazani napunga upepo, hisa zinafanya kazi badala yangu. Nikawa natembea upesi kwa ajili hiyo.

Mgodi upo. Usije ukasema nilikuficha hilo. Lipo shimo, ipo mashine ya kusaga mawe yenye kelele kuliko kiwanda chetu, ipo nyumba ya meneja iliyoezekwa bati, wapo wachimbaji, Wasukuma, Wafipa na Wanyasa, na dhahabu inatoka. Nimeiona kwenye karai ikimetameta. Tena nilibahatika kufika siku ya malipo, fedha za dhahabu iliyokwisha kuuzwa zimeletwa, watu wamejipanga mbele ya dirisha la ofisi. Nikakaa pembeni nitazame nani anapewa.

Walipewa wachimbaji. Akapewa mwenye duka aliyewakopesha unga wa posho. Akapewa mwenye mafuta ya mashine, akapewa mleta magogo ya kuzuia shimo lisiporomoke. Serikali ikawekewa chake. Benki ikawekewa chake pamoja na riba. Halafu karani akaanza kufunga dirisha. Huyo karani ni mtu wa Tukuyu, anaitwa Ezekieli, mpole, hana makuu.

"Na wenye hisa?" nikamwuliza.

"Wenye hisa hawajafikiwa."

"Si ndio wenye mgodi?"

"Ndio wenyewe. Ndiyo maana wanakuja mwisho."

Nikadhani ananichezea. Sisi tumezoea mwenye shamba ndiye anayeonja mawese kwanza. Ezekieli akanikaribisha ndani, akanieleza taratibu. Aliyekukopesha ana haki ya kudai, mgodi upate au usipate. Mwenye hisa hakukopesha, yeye ameingia kuwa mwenye mali. Kikibaki kitu baada ya wote, ni chake, hata kiwe kingi namna gani, na wapo huko duniani waliotajirika hivyo. Kisipobaki, hana wa kumdai, maana atakuwa anajidai mwenyewe. Hapo hakuna mwizi, akasema, ndivyo kampuni zilivyo kila mahali. Hivyo kwa hilo wakala wako hakusema uongo, dada. Alisema faida itakuja, akanyamaza kuhusu wangapi watakuwa mbele yako kwenye foleni.

"Mwaka jana kilibaki nini?" nikamwuliza.

"Ile pampu pale." Maji yaliingia shimoni, kilichobaki kikanunua pampu.

"Na kabla yake?"

"Tulichimba tukaenda chini zaidi."

Nilitoka mle ofisini njaa inaniuma. Nje palikuwa na mama anayewauzia wachimbaji uji, mjane, mwenyeji wa Tabora, wanamwita Mama Tausi. Aliposikia natoka Ujiji akakataa hela yangu, akaniambia, "Kaa mwanangu, wewe ni wa kwetu." Nikamweleza kilichonileta. Akacheka kicheko ambacho sikukipenda. Kumbe na yeye ni mwenye hisa wa mgodi ule ule. Aliuza nyumba yake Kahama, akanunua kwa bwana mwenye koti, akasubiri, akaona kimya, akaja kuuangalia mgodi wake. Nauli ya kurudi ikamshinda, ndipo akaweka sufuria.

"Uji unanilisha mimi," akasema, "na hizo hisa nazilisha mimi."

Nikamwuliza kwa nini asiziuze. Akasema wakala aliapa kwamba hisa huuzwa siku yoyote unapotaka, lakini kila anayemfuata anamwambia soko lake liko Ulaya, kwenye nyumba moja kubwa wanakokaa watu wakitajiana bei, na kampuni ndogo kama hii hata haitajwi. "Sasa mimi Ulaya nitafikaje?" akasema. "Huku kwetu bei ya kitu inajulikana mnadani. Kesho ni mnada wa ng'ombe, nawe utapita njia hiyo. Nisindikize, nisichekwe peke yangu."

Basi kulipokucha tukaenda. Dada, sikujua nicheke au nini, mama mtu mzima na cheti chake cha hisa kwenye pindo la kanga, katikati ya mafahali na vumbi. Tukangoja ng'ombe wote wanadiwe. Mnadi akachukua karatasi, mcheshi yule, akaipandisha juu akapaza sauti, "Haya, hisa za dhahabu! Hazili majani, hazinywi maji, nani anaanza?" Watu wakatazamana. Kisha akasogea mfugaji mmoja, Msukuma wa makamo, fimbo begani, akamwamkia Mama Tausi kwa adabu, kwa Kisukuma.

"Mwangaluka mayu. Hii kitu inazaa?"

"Inazaa."

"Imezaa ngapi?"

"Bado baba."

"Nani anaichunga?"

"Meneja, huko mgodini."

"Maziwa anakunywa nani?"

Nikajibu mimi: wachimbaji, mwenye duka, mwenye mafuta, serikali na benki. Watu wakaangua kicheko, ila yule mfugaji hakucheka, alikuwa anauliza bei kwa dhati. Ujue huku mtu humpa mwenzake ng'ombe amchungie. Mchungaji anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe, na ng'ombe akifa mchungaji sharti amletee mwenyewe ngozi, ajue kwamba kafa kweli hakuliwa.

"Na ikifa," akauliza, "ngozi naletewa?"

Mama Tausi akanitazama. Nami nikafikiria ile pampu na yale mabati, yatauzwa kwa ajili ya nani siku mgodi ukifungwa. Nikamwambia, "Ngozi wanachukua kwanza waliokopesha. Kikibaki kipande, ndicho chako."

"Basi. Wabeja, mayu." Alipokwisha kushukuru hivyo akaipokea ile karatasi kwa mnadi, akamrudishia Mama Tausi kwa mikono miwili, kama vile amemrudishia mtoto wake.

Akatokea mtu mmoja nyuma akatoa bei ya kuku. Hakuwa anafanya mzaha, alinyoosha hela. Mama Tausi akaniuliza, "Nimpe?" Nikapiga hesabu. Nyumba nzima ya Kahama, mlango, dirisha na uani, imegeuka kuku, na hata huyo kuku pengine ilikuwa bei nzuri. Hakumpa. Aliikunja karatasi, akanunua sukari ya uji, akageuza njia. Tulipoagana akanituma kwako. Akasema nikwambie yeye hakatai hisa. Mwenye fedha za ziada akiziweka akazisahau, huenda wajukuu zake wakafaidi, na huenda hata mgodi huu siku moja ukalipa. "Ila mimi," akasema, "niliweka mahali pa kulala."

Zuhura, mpwa wangu, wewe unayemsomea mama yako, simama hapa kidogo umpe maji.

Dada, sitatia sahihi. Mchikichi mvua ikikosekana bado unakuachia kitu kidogo, na ukiwa na debe la mawese, asubuhi hiyo hiyo kuna mtu Ujiji anayelitaka. Shamba tukishaliuza tutakaa mwisho wa foleni ya watu tusiowajua, na tukitaka kutoka hatutapata wa kumpa nafasi yetu. Ungekuwa na akiba ya pembeni ningesema weka kidogo, tuone. Huna. Nami sina.

Najua hilo siyo jibu la ulichoniuliza. Wewe hukuniuliza habari za hisa. Uliniuliza kama ipo njia ya kukaa chini kabla hujafa. Nimeitafuta kwa miguu yangu, dada, sikuiona huko, na limeniuma kuliko nilivyotegemea. Nimerudi kazini msimamizi bado kanuna, nami sina hata la kumsimulia.

Bwana mwenye koti akirudi usibishane naye, atakushinda kwa maneno. Mpe chai, mwambie mdogo wangu ni mkaidi, amekwenda kusoma ukaidi Usukumani. Lawama zote nitupie mimi, mimi niko mbali, hazinifikii.

Nisalimie mama mdogo anayeanika dagaa, mwambie nguo alizoagiza nimeziweka. Nisalimie shemeji, kaka wa marehemu mumeo, na cherehani yake, na mwalimu wa chuoni aniombee dua kifua kifunguke. Jirani yetu mwenye mbuzi msumbufu naye msalimie, mbuzi usimsalimie. Mama Tausi anakusalimu sana ingawa hamjuani, amesema ukipita huku uji wako upo.

Najua sasa umenuna. Nuna tu, ni haki yako. Kiwanda kikifunga msimu narudi, wala siji kutembea, nakuja kukaa. Nitabisha hodi, na usiponifungulia nitazunguka uani nichukue mchi nianze kutwanga, mpaka utoke mwenyewe kuja kunigombeza kwamba natwanga vibaya.

Ndimi mdogo wako mkaidi,

Hamisi