Ua wa Baba

Kibirichia, Meru
23 Januari 1994

Mpendwa kaka Naftaly,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mlimani. U hali gani, na wifi yangu Ednah? Joto la Kiambere limepungua, au bado mnalala madirisha wazi? Sisi miili ni mizima, namshukuru Mungu. Mioyo ndiyo mizito.

Viazi vya shamba la chini vimeungua tena, msimu wa tatu huu. Jumanne umande uliamka umeganda, mweupe, na kufikia saa nne majani yote yalikuwa meusi. Hata mbegu hatukubakiza. Vile vya juu, karibu na nyumba, havikuguswa.

Nikamwita Nyamu, mwalimu wa jiografia. Alisema jua halipashi dunia joto sawasawa, na upepo na mvua huzaliwa na tofauti hiyo. Huko kwenu ardhi huchemka, hewa ikawa nyepesi ikapaa. Huku juu, mbingu ikiwa haina wingu, ardhi hupoteza joto lake upesi. Hewa ya baridi ni nzito, huteremka shambani kama maji ya mfereji. Kisha akaonyesha ua wa saipresi kule chini.

"Hii fensi ni kama ile bwawa ya Kiambere," akasema. "Baridi inafika hapa inakosa njia."

Akashauri tuukate, baridi ipate pa kupita. Unajua ua ule aliupanda baba, na siku ya kufa kwake alisema usikatwe kamwe. Niliogopa kirumi, kaka. Neno la mzazi anayekufa likivunjwa, laana hubaki na watoto. Nikasema nikuulize kwanza wewe, kifungua mimba.

Mama hakungoja. Jana alishuka na mkongojo wake na panga, akaanza kukata mwenyewe.

"Kirumi ikikuja, ikuje kwangu," alisema. "Nyinyi mko na watoto."

Nililia, kisha nikamsaidia. Tumeacha nafasi ya kupita ng'ombe wawili.

Tangu hapo hajala kitu. Ameketi kando ya kaburi la baba, anasema amemkosea mume aliyeishi naye miaka hamsini na miwili. Nimembembeleza, wapi! Kumwomba baba radhi si kazi yangu, ni yako wewe mtoto wa kwanza. Naye mama amenikataza kukuandikia.

Wasalimie Ednah, Mwaniki na Nelius mdogo. Mungu akufungulie njia. Mbegu tutaomba kwa jirani. Wewe njoo tu, useme neno moja pale kaburini, mama ale.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Felicitas Ntinyari