Mbuzi ya Nazi ya Bi Badria

Mwaka umetimia, Mama, tangu ututoke alfajiri ile, na nyumba yetu ya Mkunazini bado inanuka rangi na vumbi la mbao. Wala hatutaki harufu hiyo iondoke.

Wapo waliokujua kwa kuchonga, wapo waliokujua kwa rangi zako, na watoto wa mtaani walikujua kwa hadithi tu. Kwako yote yalikuwa kazi moja. Ulikusanya mbao za milango iliyovunjika, ukazichonga, ukazipaka rangi, kisha ukakaa barazani ukatoa hadithi ya kila kitu. Hukuuza mpaka mnunuzi asikilize hadi mwisho. Mwenye haraka ulimpa kahawa ukamwambia, "Nenda salama, mwanangu. Bila ya hadithi yake, hili gogo tu." Baba alinung'unika nyumbani, lakini mbele za watu akijisifu kukuoa.

Kazi yako ya mwisho ilikuwa mbuzi ya kukunia nazi, ya samawati na manjano, yenye meno ya chuma ya kweli. Hadithi yake hukumwambia mtu. Ulisema siku yake haijafika, ukaifunika kanga uani ili rangi ikauke.

Siku ya mazishi majirani walikuja kutupikia, kama ilivyo ada. Shoga yako Bi Mwatum alitafuta mbuzi, akafunua kanga, akakaa. Yusra, bintiyo mkubwa, alipomkuta, sinia lilikuwa limejaa nazi na rangi imehamia kwenye dera lake.

"Bi Mwatum, hiyo kazi ya Mama!"

"Kazi ya mamako naijua. Sasa wageni wote hawa ntawapa wali mkavu? Nshamaliza, mwanangu. Tena mbuzi yenyewe kali."

Siku ile tulilia mara mbili.

Baadaye waandaaji wa maonyesho ya Shangani wakaiomba, wakashauri tuipake upya. Rangi tungeipata, lakini hadithi je? Kwa sharti lako mwenyewe isingetoka mlangoni bila hadithi, na sisi hatukuwa nayo. Tulihofu kwamba kazi yako ya mwisho itabaki gogo. Hapo Bi Mwatum akasema, "Hadithi yake nnayo mimi. Si nlikaa juu yake?"

Basi ikaenda vile vile, na mafuta ya nazi na mikwaruzo yake. Bi Mwatum akakaa pembeni yake, akasema, "Paukwa." Ukumbi ukaitika, "Pakawa." Akasimulia habari ya mwanamke aliyewapikia watu waliokuja kumzika, wakala wakashiba, na hakuna aliyeondoka nyumbani kwake na njaa. Hata wenye haraka walisikiliza mpaka mwisho. Mama, tulijivuna mno.

Wameuliza bei wengi. Tumewapa kahawa.

Wanaokukumbuka ni mumeo Nadir, wanao Yusra na Ridhwan, dada yako Nassra, wajukuu, na Bi Mwatum, ambaye lile dera lenye rangi amelikunja kabatini na hataki lifuliwe. Mwenyezi Mungu akulaze pema.

Hutatutoka moyoni kamwe, Mama, na mbuzi yako haiuzwi.