Inazimika Kabla ya Wimbo Kwisha

Jumatatu, 8 Oktoba 2007

Kompyuta imezimika tena! Tii — kama mtu amepuliza mshumaa. Nimebaki nikijiona uso kwa kioo cheusi. Uso mbaya wa mzee.

Alikuwa amefika beti ya tatu. Anafikanga hapo tu. Mama Nyakio, mke wangu, amekaa kwa stuli pale veranda, sindano ya kufuma mkononi, anaimba ule wimbo wa akina mama wa kanisa, halafu giza. Binti yetu Nyakio ndiye alimpiga hiyo video Krismasi, kabla ya kurudi Uingereza kwa kazi yake ya unesi. Mimi siku hiyo nilikuwa nimepeleka ng'ombe dipu kuogeshwa. Sikumsikia akiimba. Nilijua nitamsikia siku ingine.

Aprili tukamzika.

Mwisho wa huo wimbo sijawahi kuuona. Mimi Nderitu, nyapara wa mgodi, niliyeamrisha wanaume wazima wakakimbia na wilibaro! Nashindwa na kisanduku.

Kesho nampigia Kiprugut, anibebe na pikapu yake ya maziwa. Kompyuta iko na waranti ya mwaka mmoja. Mwaka haujaisha.

Alhamisi, 11 Oktoba 2007

Nakuru. Nimevaa koti ya harusi ya Nyakio ili wajue wanaongea na nani.

Kompyuta niliivua nguo yake nikaiacha nyumbani, nikaifunga na blanketi ya kawaida. Ile nguo si ya kushikwa na kila mkono wa mjini. Mama Nyakio aliifuma mwenyewe, akaipima kompyuta kama mtoto wa kwenda shule, akaacha tundu la kidole cha kuwashia na mkia wa waya nyuma. Ndani akaweka kitambaa kizito, kuzuia vumbi. Hapa kwetu Kariandusi upepo ukitoka upande wa mgodi wa ule udongo mweupe hata chai inakuwa nyeupe. Hakuna kompyuta Kenya hii imevalishwa hivyo. Hata chifu hana kompyuta yenyewe, seuze nguo.

Basi dukani nilikoinunua Weldon akaiwasha. Huyo ndiye fundi wa duka, kijana wa nywele za miba. Ikawaka. Ikaendelea kuwaka. Wakaiwekea muziki wao wa kelele, ikacheza mpaka saa nane. Haikuzima!

Weldon akacheka. Ati mzee, hii mashine iko fiti kuliko wewe. Ati labda inakuogopa ukiwa nyumbani.

Hitesh mwenye duka akasema shida ni stima ya kwetu, inaruka-ruka. Ninunue stabilaiza. Nikamwuliza, stima ya Kariandusi na ya Nakuru si ni mto mmoja? Akaniangalia tu.

Hawakuona video. Weldon alitaka kuifungua nikamkataza. Mke wangu si sinema ya duka.

Jumamosi, 13 Oktoba 2007

Stabilaiza imefungwa. Nguo imevalishwa vizuri, nimeipiga pasi.

Beti ya tatu. Tii.

Jumatano, 24 Oktoba 2007

Nakuru tena. Kiprugut ananiuliza kama nimeoa huko.

Leo sikubembeleza. Nimesimama katikati ya duka nikapaza sauti, wateja wakageuka. Nikasema, hii kompyuta ni mgonjwa wa kujifanya. Mbele ya daktari anacheka, akifika nyumbani anakata roho! Nipeni ingine. Waranti inasema hivyo, ni ya Kiingereza, nilisomewa na katekista.

Hitesh akasema mzee, waranti inabadilisha kitu kimeharibika, na hiki hakijaharibika, si unaona? Na kweli kilikuwa kinawaka mbele yangu, kisaliti hicho. Weldon akakibadilishia power supply, kile cha kuingizia stima, ili tu nitoke. Ati sasa hata ukikitupa ziwani kitawaka.

Kuna mama yake Hitesh, anaitwa Manju, mzee kama mimi. Anakaa kwa kiti karibu na kaunta akiangalia watu. Akaniambia, mzee kaa, kunywa chai, hasira inapandisha presha. Nikasema sikuja Nakuru kunywa chai. Akasema, basi simama na kiu yako.

Mdomo huo! Mama Nyakio angempenda.

Jumapili, 4 Novemba 2007

Sasa haifiki hata wimbo. Anakaa kwa stuli, anavuta uzi, anainua kichwa — tii. Na harufu fulani, kama sufuria imesahauliwa jikoni.

Nimejaribu asubuhi. Nimejaribu baada ya kanisa. Nimeipiga kofi. Baadaye nikaiomba msamaha, mtu mzima mimi.

Ijumaa, 9 Novemba 2007

Nyakio amepiga simu. Nikamwuliza kama ile video iko kwake. Halafu akasema kamera iliibiwa kwa treni huko, na hakuwa ameweka kopi ingine. Ati Baba, si iko kwa kompyuta yako? Nikamwambia iko, naiangalia kila siku, wimbo wote.

Akalia kidogo. Akaniambia, una bahati, Baba.

Jumanne, 27 Novemba 2007

Leo nimeshinda, na nimeshindwa. Acha niandike polepole.

Mjini kuna malori ya siasa, vipaza sauti, watu wamepanda juu kama mizigo. Duka lilikuwa nusu mlango. Weldon akawasha kompyuta yangu — haikuwaka. Kimya! Hata mbele ya daktari! Karibu nipige makofi. Akaifungua, akanusa, akasema boss, bodi imeungua.

Hitesh akafungua droo. Akatoa karatasi, akasoma, akasema sawa mzee, bado uko ndani ya waranti. Utapata mpya, ndani ya boksi. Nikageukia wateja nikasema, mnaona? Nderitu hashindwi.

Halafu akasema hii ya zamani inabaki. Yote, na kila kitu ndani yake. Kampuni ya Nairobi inataka irudishwe nzima ndiyo watoe ingine.

Nikauliza, na vilivyo ndani? Weldon akasema vyote vinaenda, mzee, utaanza upya. Kwani kuna nini, hesabu za ng'ombe?

Nikasema kuna mtu ndani.

Wakacheka! Kijana mmoja mteja akasema mzee ana jini. Sikuwaeleza. Ningewaelezaje? Nikaifunga blanketi yangu, nikaibeba mwenyewe mpaka kwa pikapu. Hitesh akanifuata mpaka barabarani. Ati mzee umepigania hii kitu miezi, sasa unakataa? Ati baada ya tarehe ishirini Desemba sitaweza kukusaidia, waranti inakufa.

Nikamwambia, iache ife basi, na kampuni yake yote.

Njia nzima Kiprugut aliendesha polepole, kama amebeba mgonjwa. Alijua.

Jumapili, 9 Desemba 2007

Imekaa kwa meza na nguo yake. Haiwaki. Nimekaa nayo hata hivyo.

Watu wa kanisa walikuja kuniona. Wakasifu nguo. Wakasema Mama Nyakio alikuwa na mkono. Alikuwa nao. Lakini sasa nikifunga macho nasikia beti mbili tu, na ya tatu nusu. Hata ukiniuliza mwishoni alikuwa anaimba sauti ya juu ama ya chini, sijui. Nilikaa na yeye maisha yote na sijui.

Jumanne, 18 Desemba 2007

Nilirudi. Ndiyo, nilirudi, waranti imebaki siku mbili! Na leo niliibeba na nguo yake juu, kwa sababu blanketi ilikuwa imelowa na mvua.

Niliiweka kaunta. Hitesh akapumua kama mtu ameona deni. Lakini mama yake akainuka kwa kiti — sijawahi kumwona akiinuka. Akashika ile nguo. Akaifuata kwa kidole, shimo kwa shimo, maua ya pembeni, mkia wa nyuma. Akauliza nani ameifuma. Nikasema mke wangu. Akasema huyu alijua. Hii pindo si ya mchezo, mimi ilinishinda nikiwa msichana hapa Nakuru, kabla wewe hujavaa viatu. Nikasema mimi nilivaa viatu mapema sana. Akacheka.

Halafu akapenyeza mkono ndani. Akaacha kucheka.

Akasema, mzee, hii ndani ni blanketi.

Nikasema ndiyo, blanketi yangu ya zamani, aliikata ili vumbi lisipite. Akauliza, ikiwaka unaivua? Nikasema niivue kwa nini? Vumbi!

Akamwita Weldon. Weldon akashika, akaangalia kule nyuma mahali feni inatolea joto, akaona mshono umepita juu yake. Hakufanya mzaha leo. Akachukua kompyuta ya duka, nzima kabisa, akaivalisha ile nguo. Akaiwasha. Tukasimama tukingoja, hata wateja. Manju akanisogezea kiti.

Tii.

Nikasema ni uongo. Nikasema mmeizima wenyewe. Nikamwambia yule mama maneno mabaya ambayo sitaandika. Yeye akaivua ile nguo, akaikunja vizuri, akaiweka magotini mwake, kama ya mtu wake.

Ni kweli. Kila nikiileta mjini naivua. Nikirudi naivalisha. Ni mimi niliyekuwa namnyamazisha, na nguo aliyofuma kwa mkono wake.

Hitesh akasema kwa sauti ya chini, mzee, sasa unaelewa, hii si kosa la kampuni. Ilifunikwa. Waranti haiwezi. Na alikuwa na haki. Mimi kama nyapara ningesema hivyo hivyo.

Nikakalia kile kiti. Na hapo, sijui ni nini ilinifungua mdomo — nikawaambia. Veranda, stuli, wimbo, kamera ya Nyakio, beti ya tatu. Nikasema sitaki kompyuta mpya, sikutaka kompyuta siku yoyote. Nataka amalize kuimba.

Weldon akageuka akajifanya anatafuta bisibisi.

Manju akaongea na mtoto wake kwa Kihindi chao. Sikujua hata neno moja, lakini niliona masikio ya Hitesh yakishuka. Akajibu, akajibiwa. Akajibu tena, akajibiwa zaidi. Mwisho akashika kichwa. Akasema, mzee, mwezi uliopita nilikuahidi mbele ya watu. Nitakupa mpya kutoka kwa rafu yangu, na hasara yote itakuwa yangu na mama yangu. Weldon atatoa ile diski yako, ndiyo imebeba vitu vyote, aifunge ndani ya mpya. Hiyo haikuungua, ni bodi tu.

Nikauliza, na yeye atakuwa ndani? Weldon akasema atakuwa ndani, guka. Guka, yaani babu! Leo si mzee tena.

Lakini Hitesh akanyoosha mkono. Akasema nipe neno lako, mbele ya mama. Hii haitafunikwa tena. Ukifunika ikiungua, usirudi kwangu, na diski ikiungua safari hii hakuna fundi Kenya atakayemtoa.

Nikampa mkono. Neno la Nderitu ni neno. Uliza mgodi mzima.

Manju akanirudishia nguo. Nikamwambia yale maneno ya asubuhi yalikuwa ya hasira. Akasema, maneno gani? Mimi sikii vizuri. Nikanywa chai yao. Tamu mno, na tangawizi.

Alhamisi, 20 Desemba 2007

Kompyuta mpya iko kwa meza. Uchi. Kama kuku aliyenyonyolewa. Nimefunga madirisha, nimeziba chini ya mlango na gunia, lakini naona tayari weupe umeanza kukaa juu yake.

Nilingoja mpaka jirani waende soko la Gilgil. Nikavaa koti. Nikawasha.

Stuli. Uzi. Beti ya kwanza, ya pili. Ya tatu — nikashika meza. Ikapita! Akaendelea! Kuna beti ya nne, sikujua. Anaimba sauti ya chini mwishoni, karibu kama anaongea. Kuku anapita nyuma yake. Anamaliza. Anakata uzi na meno, vile nilimkatazanga.

Halafu anainua alichofuma, na ni ile nguo. Ni ile nguo! Anaikung'uta. Anaangalia moja kwa moja kwangu. Anasema:

“Baba Nyakio, hii ni ya mashine yako. Wewe na kujigamba kwako utaiacha wazi watu waione, na hii vumbi itaimaliza. Usiiache uchi hata siku moja. Hata kama mimi sipo kukukumbusha.”

Anacheka. Anamwambia Nyakio, haya, zima.

Na haikuzima. Ilibaki hapo, yeye amesimama amekwama na kicheko, nguo mikononi.

Nimeicheza tena. Anasema hivyo hivyo.

Nimekumbuka mkono wa Hitesh. Nimekumbuka hakuna fundi Kenya atakayemtoa. Nimeichukua nguo kwa kabati, nimeifunika. Nimesikia feni inalia ndani. Nimeifunua. Nimekaa. Nimeangalia kama kuna mahali pa kutoa ile blanketi. Nimeleta mkasi. Mshono ni wake, mdogo mdogo, mkali, hauna mwanzo. Nimeweka mkasi chini.

Upepo umegeuka, unatoka upande wa mgodi. Bati linapiga. Ameanza kuimba mara ya tatu, nguo iko magotini kwangu, na kwa kioo naona vumbi limemfika usoni. Nafuta na mkono wa koti. Linarudi. Nafuta —