Wamemshusha mzee wa watu

Ndugu yangu, niko ndani ya ndege.

Wameuza tiketi nyingi kuliko viti! Mhudumu akaomba mmoja ajitolee kushuka. Jirani yangu, mama mmoja, akafungua mkanda.

Unanijua. Nikasimama: “Hashuki mtu! Miaka tisa iliyopita mlimfanyia dada yangu hivi hivi!” Watu makofi. Mama akajifunga tena.

Basi wakamfuata aliyekuwa wa mwisho kuripoti kaunta. Mzee.

“Binti yangu, mke wangu anapasuliwa leo jioni,” akamwambia mhudumu.

“Samahani baba, ndio utaratibu.”

Nikapaza sauti, haikusaidia kitu. Mama kajikunyata.

Mzee alipopita akanishika bega: “Asante kwa kututetea, mwanangu.”

Asante! Mimi ndiye niliyemzuia mama, halafu ananiambia asante!